Majani ya bure yanavyowagharimu wafugaji wa sungura ukanda wa dhahabu

UFUGAJI wa sungura una sifa ambazo familia nyingi za Kahama, Kakola, Katoro na Geita mjini huzipenda. Mtaji wake ni mdogo, mnyama hapigi kelele, hahitaji eneo la malisho na anazaa haraka. Jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, na akitunzwa vizuri anaweza kuachisha vitoto mara tano kwa mwaka. Kubwa zaidi, chakula chake kinapatikana bure: mtoto akitoka shule anabeba kiroba na panga, anarudi na majani.

Hapo kwenye majani ya bure ndipo fedha ya mfugaji inapopotelea. Shinyanga na Geita si sawa na Arusha au Mbeya. Ni nchi ya pamba, mtama na dhahabu, na kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinaacha kitu kwenye majani kinachoweza kuua sungura au, kibaya zaidi, kumwacha hai na kumdhuru anayekula nyama yake.

Hesabu ya banda

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye majike manne na dume moja. Majike hao wakizaa mara tano kwa mwaka, na kila mzao ukaachisha vitoto sita, mfugaji atakuwa na sungura 120 wa kukuza. Akiuza kila mmoja kwa Sh15,000, anapata Sh1,800,000. Bei hiyo ni ya mfano tu na kila mfugaji aweke bei ya mahali pake.

Sasa theluthi moja ya sungura hao wakifa baada ya kuachishwa, wanabaki 80 na mapato yanashuka hadi Sh1,200,000. Zimepotea Sh600,000, na hapo bado hatujahesabu pumba, dawa na nguvu zilizotumika kuwalisha waliokufa.

Upande wa pili, banda la ukubwa huo linakula kiasi cha gunia moja la majani mabichi kwa siku. Hata kama mfugaji angeamua kununua majani kutoka kwa mtu anayekata mahali salama, kwa Sh1,000 kwa gunia, angetumia Sh365,000 kwa mwaka. Wengi watashangaa kusikia mtu analipa fedha kwa ajili ya nyasi, lakini kwa hesabu hii anayelipa anabaki na Sh235,000 zaidi ya yule anayeokota popote na kupoteza theluthi ya mifugo yake.

Sungura hatapiki

Sababu ya kwanza ya vifo hivyo ipo ndani ya mnyama mwenyewe. Sungura hawezi kutapika. Mbwa akila kitu kibaya anaweza kukirudisha, lakini kwa sungura kilichoingia kimeingia, na kitapita njia nzima hadi mwisho.

Pia ana mfuko mpana mwanzoni mwa utumbo mpana, wenye vijidudu vinavyosaga nyuzinyuzi za majani. Kinachotoka humo hukitoa kama kinyesi laini, hasa usiku na alfajiri, na hukila tena moja kwa moja kutoka kwenye mkundu. Mfugaji mgeni akiona hivyo hudhani mnyama ana njaa au ni mgonjwa. Si ugonjwa. Ndiyo njia yake ya kupata protini na vitamini zilizotengenezwa na vijidudu hivyo.

Mfumo huo unavurugika kwa urahisi. Chakula chenye wanga mwingi na nyuzinyuzi chache, kama pumba tupu au ugali uliobaki, huwafanya vijidudu wabaya wazaliane, na sungura anaharisha na kufa ndani ya siku moja au mbili. Majani yaliyolowa umande au mvua, au yaliyorundikwa kwenye kiroba hadi yakapata joto, humjaza gesi. Kwa hiyo kanuni ya msingi ni kwamba nyasi ndizo chakula na pumba ni nyongeza. Kwa sungura mkubwa konzi moja au mbili za pumba kwa siku zinatosha, jike anayenyonyesha aongezewe. Majani yanyaushwe kivulini kwa nusu siku au siku nzima kabla ya kutolewa. Mfugaji anayebadilisha chakula achanganye cha zamani na kipya kwa siku saba hadi kumi.

Meno ya mbele ya sungura nayo hukua maisha yake yote, takriban sentimita 10 kwa mwaka. Asipotafuna nyasi ngumu au vijiti, meno yanapinda na hawezi kula, anakonda mbele ya chakula.

Zebaki haionekani kwenye jani

Mchimbaji mdogo anaposaga mawe yake kwenye karasha, huosha unga huo kwenye mwalo na kuuchanganya na zebaki ili ikamate dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, zebaki inageuka mvuke na dhahabu inabaki. Mvuke huo haupotei. Unashuka kwenye mapaa ya nyumba, kwenye udongo na kwenye mimea iliyo jirani. Mimea huvuta zebaki hasa kupitia majani yake, kutoka hewani, kuliko kupitia mizizi.

Eneo la Rwamagasa mkoani Geita linajulikana kwa wataalamu wa dunia kwa sababu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki kwenye uchimbaji mdogo, na zebaki ilikutwa kwenye marudio, kwenye mashapo ya vijito na kwenye miili ya watu waliokuwa wakichenjua. Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na Tanzania iliuridhia mwaka 2020, lakini kwenye mialo zebaki bado inatumika kila siku.

Kwa mfugaji, maana yake ni hii. Majani mazuri kuliko yote wakati wa kiangazi mara nyingi yako kwenye ukingo wa kijito au kando ya shimo la maji, na katika vijiji vya machimbo kijito hicho ndicho kinachopokea maji ya mwalo. Majani yanayostawi juu ya rundo la zamani la marudio nayo yanavutia kwa sababu hakuna ng'ombe anayefika kuyamaliza. Mtoto aliyetumwa majani atakwenda huko huko, kwani ndiko yaliko.

Sungura anayelishwa majani hayo si lazima afe. Atakua, atazaa na atauzwa. Zebaki hujikusanya zaidi kwenye figo na kwenye ini, viungo ambavyo mama wa nyumbani hupenda kuwapikia watoto kwa kuwa ni laini. Kuosha majani kunaondoa vumbi lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani, na kupika nyama hakuondoi zebaki.

Majani yakatwe upande wa juu wa mteremko, si chini ya mwalo, na mbali na mahali ambapo dhahabu huchomwa, zikiwamo nyumba za wanunuzi mitaani. Nyasi zilizoota juu ya marudio ziachwe kabisa. Kwenye mitambo ya kuchenjulia marudio kwa sianidi hatari ni ya aina nyingine: mnyama akinywa maji ya bwawa lake anakufa kwa muda mfupi, na majani yaliyorushiwa maji hayo hayafai. Uzio unaowekwa pale ni wa watu na mifugo, na mkata majani asiuruke.

Mwenye wasiwasi kuhusu eneo lake anaweza kumwomba afisa mifugo wa kata amwelekeze namna ya kupeleka sampuli jijini Mwanza, ambako Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya Kanda ya Ziwa. Kipimo kina gharama, hivyo ni busara wafugaji wa mtaa mmoja wachangie sampuli ya eneo wanalokata wote.

Pamba: dawa shambani, mashudu gunani

Kishapu, Ushetu, Bukombe, Chato na Mbogwe wanalima pamba. Hupandwa kuanzia Novemba, na kati ya Januari na Aprili hupuliziwa dawa ya wadudu mara kadhaa. Ni miezi hiyo hiyo ambayo magugu laini, kama mchicha pori na kishona nguo, yanastawi katikati ya mistari. Anayepalilia hukusanya magugu na kuyapeleka bandani akidhani ameua ndege wawili kwa jiwe moja.

Baadhi ya dawa za pamba zina viambata vya jamii ya oganofosfati vinavyoshambulia mishipa ya fahamu. Sungura aliyekula majani yenye dawa hiyo hutokwa mate, hutetemeka, hupumua kwa shida na kufa. Upepo hubeba dawa hadi kwenye shamba la jirani, kwa hiyo si lazima majani yawe yametoka ndani ya pamba yenyewe. Mfugaji amuulize mwenye shamba alipulizia lini na asome lebo ya chupa kuhusu siku za kusubiri. Kama chupa haina lebo, kama ilivyo kwa dawa nyingi zinazopimwa kwenye chupa za soda, majani ya hapo yasikatwe msimu huo.

Kuna na mashudu. Viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta vya Shinyanga na Kahama vinafanya mashudu ya pamba yapatikane kwa bei ambayo mfugaji wa Dar es Salaam huitamani. Ng'ombe mkubwa huyala na kunenepa. Lakini mbegu ya pamba ina sumu ya asili inayoitwa gosipoli. Tumbo la ng'ombe lina uwezo wa kuifunga sehemu kubwa ya sumu hiyo, la sungura halina. Akilishwa kwa wiki kadhaa moyo na ini huharibika, na dume hupungukiwa uwezo wa kuzalisha. Mfugaji hulalamika kuwa majike hayashiki mimba, anabadilisha dume, tatizo linabaki pale pale, kumbe liko guniani. Mashudu ya alizeti, ambayo nayo yanapatikana mkoani Shinyanga, ndiyo yanayofaa sungura.

Mimea ya kuogopa

Mtama ni zao la watu wa Kishapu kwa sababu unavumilia ukame, na huo ukame ndio unaoufanya uwe na hatari. Mtama mchanga, au machipukizi yanayoota baada ya kuvunwa au baada ya kiangazi kikali, huwa na sumu ya sianidi ya asili. Hiyo haina uhusiano wowote na sianidi ya mgodini isipokuwa namna inavyoua. Usitoe machipukizi ya mtama mabichi. Kisamvu kibichi kina sumu ya aina hiyo hiyo, hasa cha mihogo michungu. Wanaolazimika kukitumia hukikatakata na kukianika juani hadi kikauke vizuri, na hata hivyo hutoa kidogo.

Majani ya nyanya, viazi mviringo na parachichi yasiingie bandani. Lusina, ambayo ilipandwa sana na miradi ya miti, ina protini nyingi lakini ikizidi manyoya yanapukutika. Isizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula. Kabichi nyingi inaleta gesi. Yanayofaa ni majani ya viazi vitamu, mchunga, kishona nguo, majani ya karanga yasiyo na ukungu, mabingobingo na nyasi za kawaida za porini.

Pumba nyeupe, sumu isiyo na rangi

Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumukuvu. Tukio hilo lilizungumzwa sana kwa upande wa unga, kidogo mno kwa upande wa pumba. Mahindi yanapokobolewa kupata sembe, sehemu kubwa ya sumukuvu huondoka na ganda la nje. Ganda hilo ndilo pumba. Kwa maneno mengine, mlaji anapata unga uliopunguzwa sumu na sungura anapata kilichopunguzwa, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka na sumukuvu.

Pumba yenye harufu ya uvundo, iliyoganda mabonge au iliyolowa irudishwe au itupwe. Isichanganywe na nzuri kwa kuona uchungu wa fedha. Mfugaji anunue ya wiki mbili tu, aiweke juu ya mbao na mbali na ukuta, na asinunue ya mashine inayokoboa mahindi yaliyolala chini kwenye unyevu.

Maji, joto na kidonge cha amoksilini

Wapo wanaoamini kwamba sungura hanywi maji kwa kuwa anakula majani mabichi. Katika joto la Septemba hadi Novemba la Shinyanga imani hiyo inaua. Jike mwenye vitoto anaweza kumaliza lita moja kwa siku na zaidi. Maji yawe masafi na yabadilishwe kila siku. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yamefika Kahama na Shinyanga mjini kwa bomba, hivyo walio karibu na mtandao huo hawana sababu ya kuchota lambo lisilojulikana linapokea maji ya wapi. Chungu kizito cha udongo kinafaa kwa sababu hakipinduki na maji yake hukaa ya baridi.

Joto linapopita nyuzi 30, sungura huhema kwa kasi na madume hupoteza uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa. Paa la bati bila dari ni tanuri. Nyasi juu ya bati, mti wa kivuli, au gunia lililolowa upande unaopigwa na jua la mchana husaidia bila gharama. Banda liinuliwe kiasi cha mita moja kutoka ardhini, sakafu yake iwe ya waya au fito zinazopitisha kinyesi, na majani yawekwe kwenye hori, yasitupwe chini. Vitoto vya wiki tano hadi 12 hufa sana kwa ugonjwa wa koksidia, unaoenezwa na kinyesi kinachochafua chakula. Huvimba tumbo, huharisha na kudumaa. Dawa za amprolium au salfa zipo kwenye maduka ya pembejeo, lakini kipimo apange afisa mifugo.

Jambo linalostahili kurudiwa ni dawa za binadamu. Sungura anapopiga chafya, mfugaji hufungua kapsuli ya amoksilini na kumnywesha. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipita mdomoni huua vijidudu wazuri wa tumbo la sungura, wabaya wanachukua nafasi, na mnyama anakufa kwa kuhara siku chache baadaye. Mafua yanalaumiwa, kumbe ni dawa. Vivyo hivyo chakula cha vifaranga kilichotiwa dawa ya kuzuia koksidia ya kuku kisitolewe kwa sungura bila kuuliza, kwani baadhi ya dawa hizo ni sumu kwake. Anayekufa azikwe. Aliyetibiwa asichinjwe hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite.

Ngitili kama ghala la nyasi

Wasukuma walikuwa na jibu la nyasi salama kabla sungura hajafika. Ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zikue, likafunguliwa kiangazi kwa ng'ombe dhaifu na ndama. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004, ulifufua utaratibu huo na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa ngitili za kaya na za vijiji. Mradi umeisha na baadhi ya maeneo yamelimwa, lakini ngitili nyingi bado zipo, na ziko mbali na mialo na mbali na bomba la dawa ya pamba.

Mwenye ngitili hufikiria ng'ombe peke yake. Kwa wafugaji wa sungura wa Kahama au Katoro wanaotafuta majani, kikundi kinaweza kukubaliana naye bei ya mizigo kadhaa na kukata nyasi mwishoni mwa masika, Mei au mapema Juni, zikiwa zinaanza kutoa maua. Zikikatwa zikiwa kavu kabisa zinakuwa kama makuti tu. Zianikwe siku mbili au tatu zikigeuzwa, zifungwe matita zikiwa bado na rangi ya kijani, ziwekwe juu ya chanja chini ya paa. Ghala lisilovuja ndilo sharti, maana nyasi zilizopata ukungu zinarudisha tatizo la sumukuvu bandani.

Soko nalo litazamwe kabla ya kuongeza majike. Wasabato, ambao ni wengi Kanda ya Ziwa, hawali sungura, na Msukuma wa kijijini bado anahesabu mifugo kwa ng'ombe. Wanunuzi wa uhakika zaidi ni wenye baa na mama lishe wa miji ya machimbo, wanaotaka sungura wa kilo mbili hadi mbili na nusu, kwa idadi ileile kila wiki. Kwa wanunuzi hao, mfugaji anayeweza kuonyesha daftari lenye tarehe za kuzaliwa, dawa alizotoa na mahali anapokata majani ana hoja ya kudai bei inayozidi ya jirani yake kwa shilingi elfu moja au mbili.